Mwenye Njia

Mimi sikosei. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu kwa miaka sita nimehamisha data za kampuni kumi na moja hapa Minnesota, kutoka mifumo iliyochakaa hadi mifumo mipya, na hakuna hata moja iliyonipigia simu Jumatatu ikilia. Mama yangu kule Tanga anadhani nafundisha watu kompyuta, nami nimemwacha adhani hivyo. Kumweleza kwamba kila siku naamua, kwa maelfu ya mistari, kipi kiende kwenye mfumo mpya na kipi kitupwe, ni kumpandisha presha bure.

Kampuni ya kumi na mbili ilikuwa New Hope: ghala la vifaa vya wagonjwa. Viti vya magurudumu, magongo, glavu, nepi za watu wazima, mipira ya oksijeni. Mkurugenzi wa shughuli alikuwa Muriuki, Mkenya wa Nyeri, mtu mwepesi wa akili na miguu, anayeshuka kwenye gari tayari anaongea. Alikuwa amenunua mfumo mmoja wa kushika kila kitu: oda, manunuzi, wafanyakazi, ghala. Kilichomvutia kuliko vyote ni jambo moja jipya ndani yake. Oda ikiingia, mfumo wenyewe unamwongoza mwokotaji, yule anayekusanya bidhaa za oda kwenye rafu, kwa skana aliyoshika mkononi, aanze rafu ipi, afuate ipi, amalizie ipi. Ili ufanye hivyo, kila safu ya rafu lazima ipewe namba ya mpangilio. Namba hizo zilikuwa kazi yangu.

"Na hiyo ikishaanza," Muriuki aliniambia siku ya kwanza, mlango wa ofisi umefungwa, "position ya Mzee Mel inaisha. Kila kitu iko kwa kichwa yake itakuwa kwa system. Usimwambie bado."

Mzee Mel ni Melkiori, mtunza stoo, Mchaga wa Marangu mwenye miaka sitini na moja, kumi na saba kati ya hiyo ndani ya ghala lile. Nilishuka mara moja kumwamkia. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu sana." Akanimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake, nikainywa huku najua ninachokijua. Lakini nilikuwa nimeajiriwa kuhamisha data, si kuhurumia watu, nikapanda zangu ofisini ghorofa ya juu.

Rafu za mzee hazikuwa na namba. Safu kumi na sita, na kila moja ina jina: Moshi, Himo, Mwanga, Same, Hedaru, Mombo, Lushoto, Korogwe, Segera, Tanga, Mkata, Chalinze, Morogoro, Mlandizi, Kibaha, Ubungo. Kwenye faili la zamani zilikuwa zimeandikwa ovyo, kila bidhaa na jina la safu yake. Nilicheka peke yangu. Wachaga bwana, nikasema, wakikosa kwenda kwao Desemba wanajijengea kwao ndani ya ghala. Nikaona na Tanga yetu imo, nikamsamehe.

Chombo changu cha kuhamishia data kilikuwa toleo jipya, kinajipendekezea majibu chenyewe. Kikasema: nipange safu hizi kwa alfabeti, Chalinze iwe ya kwanza na Ubungo ya mwisho, nami nitajaza namba. Unakubali? Nikabonyeza kukubali, nikaenda nyumbani Saint Louis Park kupika pilau.

Alhamisi asubuhi tukafanya jaribio. Oda arobaini, ambazo kwa kawaida humalizwa kwa saa mbili, zilichukua saa nne na nusu. Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Jedidah, mwokotaji mwepesi kuliko wote, dada wa Kakamega anayekuja na basi kutoka Brooklyn Center. Alinitupia skana mezani.

"Madam, hii system yako inataka kuniua ama? Imenitoa Chalinze ikanipeleka Hedaru. Imenitoa Himo ikanitupa Kibaha. Halafu inaniambia niweke walker juu ya glavu, box zote zimebondeka. Nime-walk steps elfu kumi na nne, na lunch bado!"

Baada yake akaingia Muriuki, akafunga mlango. Mfumo ulikuwa uanze Jumatatu, na bila jaribio kupita usingeanza.

"Fadhila, niambie ukweli. Data ya Mzee ilikuwa chafu, si ndio? Seventeen years mtu anaandika majina za towns. Weka hivyo kwa report tu-move on. Na mimi inanisaidia, nikimwambia aende nitakuwa na reason."

Alipotoka, nikafungua fomu ya ripoti. Ina kisanduku kimoja kinachouliza chanzo cha kasoro. Nakiri niliandika: "Data za zamani hazikuwa..." Nikaishia hapo. Jina langu lingebaki safi, Muriuki angefurahi, na mzee tayari alikuwa anaondoka, kwa hiyo ningempunguzia nini? Hivyo ndivyo nilivyojisemea, na nilijiona mdogo kama kidonge cha piritoni. Nikafuta maneno yale, nikavua viatu vya ofisini, nikavaa raba, nikashuka. Ilikuwa wiki ya tatu ya kazi, na sikuwa nimetembea kati ya rafu zile hata mara moja.

Mzee Melkiori alikuwa amekaa kwenye kreti, anapanga lebo.

"Mzee, naomba unieleze safu zako zinavyokwenda."

"Nikishakueleza, mwanangu, Jumatatu si nitakatiwa keki ya kuagwa?"

"Nani kakwambia?"

"Mtu aliyekaa stoo miaka kumi na saba haambiwi." Akabandika lebo, akaisugua kwa kidole gumba. "Mnataka kilichomo humu," akajigusa kichwa, "halafu chenyewe mkiache. Sikuelezi. Wewe umesoma, tafuta."

Hakusema kwa hasira. Ningekuwa mimi, ningesema kwa hasira. Na alikuwa na haki.

Wakati huohuo Jedidah akapita na toroli. Jaribio lilikuwa limekwisha, na sasa anaokota oda za kweli kwa njia ya zamani, karatasi mkononi, anajihesabia kwa sauti. "Moshi nimetoa. Himo hakuna. Mwanga mbili. Same moja." Nikamfuata. Kule Moshi alikuwa ameshapakia vizito, magongo ya miguu minne na viti vya bafuni, vimekaa chini kabisa kwenye toroli. Alipofika Mombo akaangalia juu na kuita foklifti.

"Lushoto ni huko juu," akaniambia. "Lazima upande."

Akateremka Korogwe, akafika Segera, na hapo njia ikagawanyika. Kushoto kulikuwa na meza ya fundi ambako viti vya magurudumu vinaungwa na kutengenezwa: Tanga. Visivyohitaji fundi vinanyoosha moja kwa moja, Mkata, Chalinze. Na pale Chalinze, kutoka ubavuni, vinaingia vifaa vilivyorudishwa na wateja vikasafishwa, vinatoka upande wa Morogoro, vinaungana na wenzao. Kisha Mlandizi, kisha Kibaha penye glavu na vitu vyepesi vya kuweka juu kabisa, kisha Ubungo, mlango mkubwa, malori yamegeuza mgongo yanasubiri.

Nikarudi nikasimama Segera. Mimi mtoto wa Tanga, niliyepita njia panda ile kila likizo ya shule, na mama ananinunulia machungwa dirishani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mzee hakuwa amebandika majina ya kujiliwaza. Alikuwa amejenga barabara nzima ya kutoka Moshi hadi Ubungo ndani ya ghala, kila kituo mahali pake, na mimi nilikuwa nimeikatakata na kuipanga kwa herufi.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza Jedidah.

"Si Mzee! Siku ya kwanza hakunifundisha shelves, alinifundisha safari. Sijawahi fika Tanzania lakini naeza drive hiyo road macho imefungwa. Hata wasee wa shift ya jioni, hawajui Kiswahili, lakini waulize Korogwe iko wapi."

Basi nilikuwa nimeipata. Moshi moja, Himo mbili, mpaka Ubungo kumi na sita. Kazi ya dakika kumi. Sikuhitaji tena mzee afungue mdomo. Nilipogeuka nilimwona ananitazama kutoka kwenye kreti yake, na alijua.

"Umeipata," akasema.

"Nimeipata, mzee."

"Haya."

Angenitukana ningeumia kidogo kuliko ile "Haya" yake. Nilipanda ngazi nikiwa nimekasirika, na aliyenikasirisha ni mimi.

Ijumaa tukarudia jaribio na namba mpya. Oda zilezile arobaini: saa moja na dakika hamsini. Jedidah akapiga vigelegele kutoka Chalinze. Muriuki akapiga makofi ofisini peke yake, akavuta kiti karibu yangu tujaze fomu ya mwisho, ile ya kuruhusu mfumo uanze.

Kwenye chanzo cha kasoro nikaandika: Mhamishaji wa data alipanga rafu bila kuzitembelea ghalani. Nikaweka jina langu.

"Uko sure?" Muriuki akauliza. "Client wako next ataona hiyo."

"Aone."

Kisanduku kilichofuata kilikuwa jambo jingine jipya la mfumo ule. Kila njia ya kuokota lazima iwe na mwenye njia, mtu mmoja mwenye jina. Pasipo jina, mfumo hauanzi. Na ukishaanza, hakuna wa kuhamisha bidhaa kutoka safu moja hadi nyingine bila mtu huyo kukubali. Muriuki alikuwa amenyoosha shingo kuangalia jina lake likiandikwa. Nikaandika Melkiori.

"Fadhila. Si tuliongea?"

"Tuliongea, bosi. Sasa nisikilize mimi. Namba nimeziweka, lakini mfumo haujui kwa nini Moshi ni moja. Unajua wewe?"

Akaitazama skrini.

"Mwezi ujao unaleta vitanda. Vikae wapi? Ukiviweka Kibaha vitaponda glavu. Ukiviweka Same, toroli hazitapishana. Mimi Jumatatu namaliza mkataba. Niliyejidai najua nimekupotezea Alhamisi nzima, na wewe ukijidai unajua utapoteza zaidi, maana wewe utakuwepo kila siku."

"Lakini Mzee hata email inamshinda!"

"Mwite umuulize."

Alimwita. Mzee Melkiori alisimama mlangoni na koti lake la ghalani, miwani mkononi, uso wa mtu aliyekuja kupokea barua. Muriuki akamgeuzia kompyuta.

"Mzee, system inataka mtu wa kuapprove kila change. Huyu dada ameweka jina yako. Utaweza hii kitu?"

Mzee akavaa miwani, akasoma jina lake taratibu, herufi kwa herufi. Halafu akanitazama mimi kwanza, kabla ya bosi.

"Nilipofika hapa sikujua kuendesha gari kwenye theluji," akasema. "Nilijifunza kwa wiki moja, maana kazi ilikuwa mbali na mguu haukufika. Nifundisheni."

Muriuki akajikuna kidevu muda mrefu kuliko kawaida yake. Mwisho akacheka, na akatia sahihi.

"Sawa. Position inabaki. Lakini Mzee, nikiona umeandika kwa karatasi tena, mimi na wewe tutakosana."

Jumamosi nilimfundisha saa tatu nzima, nyumbani kwake Brooklyn Center, mke wake akituletea ndizi nyama mpaka nikaomba msamaha. Nilimfundisha vitu vitatu tu: kukubali, kukataa, na kuandika sababu. Anaandika kwa kidole kimoja, kile cha kutishia watoto, lakini akishaandika harudii.

Jumatatu mfumo ukaanza saa kumi na mbili asubuhi. Nilikaa ofisini na chai yangu, naangalia oda zinavyoteremka kutoka Moshi, safi kabisa, na nikajisifu kidogo, maana hakuna mwingine wa kunisifu asubuhi ile. Saa tatu kasoro simu ikalia. Muriuki.

"Fadhila! System imenikataa! Nime-request glavu zi-move kutoka Kibaha zikuje Ubungo, karibu na gate, na imenipiga rejected. Mimi! Si mimi ndio nimenunua hii kitu?"

"Si mfumo, bosi. Fungua usome sababu."

Akasoma kwa sauti, kwa taabu, maana iliandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka: "Hapana. Ubungo ni pa kupakia tu. Ukijaza bidhaa pale, malori yatasubiri nje na madereva wataondoka. Glavu zibaki Kibaha. Melkiori."

Nikamsikia anarudia lile jina la mwisho.

"Huyu mzee amenikataa mimi?"

"Ndiye mwenye njia."

Simu ikakatwa. Sahihi aliyoitia Ijumaa angeweza kuifuta kabla ya chakula cha mchana, na mimi mkataba wangu ulikuwa unaisha saa kumi na moja jioni. Nikabaki nimelikazia macho ombi lile jekundu kwenye skrini, dakika ya kwanza, ya tano, ya kumi. Chai ikapoa. Kisha mstari ukabadilika rangi, nikausoma mara mbili: ombi limeondolewa, na aliyeliondoa ni Muriuki. Chini yake, mwenye njia bado ni Melkiori.