Mkono wa Baga

Hafidha alipofungua banda lake karibu na stendi ya Nachingwea na kumwambia fundi amwandikie ubaoni, kwa rangi nyekundu, "Baga za Kimarekani", hakujua kwamba ametangaza vita na ukoo mzima. Yeye alidhani anauza mkate wenye nyama. Na nyama yenyewe ya ng'ombe wa bucha ya jirani, imesagwa, imekandwa kwa kitunguu na pilipili manga, imekaangwa na kubanwa katikati ya mkate wa mviringo pamoja na kachumbari. Pembeni alichoma donati na kuzinyunyizia sukari. Walimu walinunua, bodaboda walinunua, abiria wa Masasi walinunua mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya basi.

Lakini watu wetu ukiwaletea kitu kigeni, kwanza watakila, halafu ndipo watauliza kimetoka wapi. Walipokisoma kile kibao vizuri, maneno yakaanza. Mara kuku wa Kimarekani wanachomwa sindano asubuhi, jioni ni majogoo. Mara pipi zimewamaliza meno, ndiyo maana nyama yao lazima isagwe. Mara kuna video kwenye simu, mtu wa huko amenenepa mpaka zimamoto wakavunja ukuta kumtoa chumbani. Kila aliyeiona ile video alimwonyesha mwenzake, huku mkono wa pili umeshika soda.

Hafidha alicheka tu. Kabla ya kurudi kusini alikuwa amewapikia Wamarekani Dar es Salaam kwa miaka mingi, na alijua lipi la kweli na lipi la kuzusha. Kweli walikula wakitembea. Kweli sukari waliiendea kama sisimizi. Lakini alikuwa amewaona pia siku yao kubwa, bibi amesafiri kutoka mbali, bata mzinga mzima mezani, na hakuna aliyegusa chakula mpaka mzee amemaliza dua. Hayo hayakuwamo kwenye video.

Miaka ikapita hivyo, na kicheko kilimkauka Desemba ile Somoe alipotoka unyagoni.

Somoe alikuwa binti wa kaka yake, Mikidadi, mkulima wa korosho na ufuta kule Mbwemkuru, Ruangwa. Mama yake alifariki angali mdogo, na shule ya msingi yote aliisomea Nachingwea, akilala kitanda kimoja na shangazi yake Hafidha. Na kwenye ukoo wao ilikuwa hivi: siku mwali anatolewa nje, haongei, hainui macho, wala hali chochote mpaka amelishwa tonge la kwanza na shangazi aliyeachiana ziwa na baba yake. Mwali hufuata mkono uliomlisha, ndivyo walivyoamini. Mikidadi aliachiana ziwa na Hafidha, hakuna aliyezaliwa katikati yao. Hakukuwa na la kujadili.

Dada yao mkubwa, Hajra, alilipata la kujadili.

Hafidha alifika Mbwemkuru siku moja kabla ya sherehe, jogoo wake mkononi. Hakukaribishwa hata maji. Hajra alikuwa amekwisha kuwaketisha wakubwa wa ukoo kwenye mkeka, na kitinda mimba wao, Zena, amekaa pembeni akichezea ncha ya kanga kwa aibu. Hajra alieleza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. Alisema hakuna anayekataa kwamba Hafidha ni shangazi. Wanachokataa ni ule mkono. Mkono unaoshinda kwenye vyakula vya watu wasiojua kukaribishana, vyakula vya kufunga vizazi na kuvimbisha miili, haumlishi mwali wa nyumba hii. Lisemwalo lipo, alisema. Basi Hafidha aape mbele ya wakubwa kwamba atang'oa kile kibao na kuviacha vyakula vile. Akiapa, amlishe mtoto. Asipoapa, Zena atalisha.

Hafidha alimtazama kaka yake. Mikidadi, ambaye kwenye mnada wa korosho sauti yake husikika kabla ya spika, alikuwa anaukagua mkeka kana kwamba anataka kuununua.

"Dada," Hafidha alisema, "Somoe nimemlea kwa mkono huuhuu. Ada zake, sare zake, daftari zake, zote zimetoka kwenye baga. Leo mkono umekuwa mchafu? Hao Wamarekani mimi nimewapikia, nyie mmewaona kwenye simu. Wana haraka, wanakula hovyo. Wakiwa na mtu wao wanayempenda, wanakula kama sisi. Sitaapa."

"Basi utakaa na wageni," Hajra akajibu.

Usiku ule Hafidha alilala na hasira kitanda kimoja. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, naapa, na angeweza kulimeza kesho yake na kuendelea kuchoma donati zake. Wangapi hawaapi na kusahau? Lakini alijua kwamba akiapa, atakuwa amekubali kuwa alimlea mtoto kwa uchafu. Hilo hakuwa tayari kulikubali hata kwa dakika moja. Akalia kimyakimya, kanga mdomoni, kwa sababu alimpenda yule mtoto na kesho angemwona akilishwa na mwingine.

Asubuhi ngoma zikalia. Kreti za soda zilipangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha. Mwali alipotolewa, amepakwa mafuta, amefunikwa kanga mpya, wanawake walimrushia pipi za maganda mekundu na ya kijani, na watoto wakazigombea mavumbini. Hakuna aliyeuliza pipi zile babu yupi alizipanda. Nyani haoni kundule.

Somoe akaketishwa mkekani, macho chini. Zena akapiga magoti, akamega tonge la ugali wa mtama, akalichovya kwenye mchuzi, akaweka juu kipande cha ini la kuku. Vigelegele vikapanda. Akalipeleka mdomoni kwa mwali.

Mdomo haukufunguka.

Zena akajaribu tena. Vigelegele vikaanza kupungua, kimoja kimoja. Hajra akainama, akamnong'oneza mtoto afumbue mdomo, wageni wanatazama. Somoe hakutikisa hata kope. Hajra akalichukua tonge yeye mwenyewe na kuligusisha kwenye midomo ile. Mchuzi ukateleza kidevuni, ukadondokea kanga mpya. Midomo ilibaki imebanwa. Ngoma nazo zikanyamaza.

Hajra akamgeukia kungwi, akamwuliza ni adabu gani aliyomfundisha mtoto.

"Nimemfundisha kunyamaza, ananyamaza," kungwi akasema. "Nimemfundisha asiinue macho, hajainua. Kufumbua mdomo kwa asiye shangazi yake wa ziwa sikumfundisha, maana hata mimi sikufundishwa."

Hapo ndipo Mikidadi alipopata sauti yake, japo ilitoka ikikwaruza. "Mwiteni Hafidha."

Hafidha alikuwa amesimama nyuma kabisa, na wageni, kama alivyoambiwa. Wakampisha. Alipofika mkekani, Hajra alikuwa bado ameshika tonge, na macho yake yalikuwa yamelowa. Akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba, kwamba aape basi, neno moja tu, watu wasikie.

"Jumatatu nafungua banda, dada," Hafidha akamjibu. "Nisogezee maji."

Hajra akaliweka tonge sahanini. Kisha akainama mwenyewe, akachukua birika, akammiminia. Hafidha akanawa mikono yake miwili bila haraka, akapiga magoti, akamega ugali. Kabla tonge halijafika, mdomo wa Somoe ulikuwa tayari uko wazi.

Alitafuna, akameza. Desturi ilitaka tonge moja, na baada ya hapo mwali huruhusiwa kuinua macho na kusema. Somoe aliinua macho, akamtazama shangazi yake mbele ya ukoo mzima, hakusema kitu, akafumbua mdomo tena. Hafidha, machozi yakimtiririka, akamega tonge la pili.