Sogeza Mbele

Ndege ya mizigo ilianguka sekunde kumi na tisa baada ya magurudumu kuacha lami. Pua iliinuka kupita kiasi, mabawa yakakosa hewa ya kuyabeba, ikalala ubavu na kushukia nje ya uzio. Marubani wawili walikufa. Mmoja alikuwa shemeji yangu.

Watu walisema alivuta usukani mno. Siku ya nne asubuhi dada aliniambia, "Kaka, mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Alikosea yeye?"

Nikasema nitauliza.

Mimi ni msimamizi wa upakiaji pale uwanjani. Ofisini kwa mchunguzi wa ajali nilimkuta Winchi, mpakizi wangu, ameshaketi, mikono katikati ya magoti.

"Makasha sita ya betri," mchunguzi alisema. "Karatasi inasema yalikaa karibu na mabawa. Mabaki yanaonyesha yalifungwa mkiani. Mkia ukilemewa, pua haishuki hata rubani afanyeje. Nani aliyasogeza?"

"Mimi, mzee. Niliambiwa sogeza mbele, nikasogeza mbele."

"Mbele ya ndege ni wapi, bwana mkubwa? Au yako ina pua mbili?"

"Mbele ya ndege naijua. Lakini nilikuwa ndani, nimeelekea mkiani, nasukuma. Wewe ukiwa kwenye foleni ukaambiwa sogea mbele, unatazama pua ya nani?"

Mchunguzi aliacha kutabasamu. Akanigeukia. "Wewe umeandika kwamba ulimwambia 'puani'."

Kwetu wapakizi hakuna mbele wala nyuma. Kuna puani na mkiani, basi. Winchi nilimfundisha mwenyewe, siku yake ya kwanza. Siku ya ajali mvua ilikuwa inakuja na nilikuwa nikiongea kwa simu.

Winchi hakuniangalia. Alikuwa akitazama kucha zake.

"Nilisema mbele," nikasema. "Sikuingia kukagua. Nikatia saini."

Mchunguzi alinisogezea maelezo yangu na kalamu. Nilikata neno moja, nikaandika jingine juu yake, nikaweka tarehe. Kisha akaniomba kitambulisho cha kazi. Nikakivua shingoni, nikampa.

Nje nilimpigia dada.

"Hakukosea," nikamwambia.

Alishusha pumzi. "Nani, basi?"

"Mimi."

Nilisikia vyombo vikioshwa nyuma yake, na shangazi akiuliza sufuria kubwa iko wapi.

"Leo usije msibani," dada alisema. "Wakiuliza, nitasema uko kazini."