Keki Iliyopitia Stesheni

Kila mwaka Krismasi ikifika, Mitsue huapa kwamba hamtumi tena mumewe, Tokuji, dukani. Mwaka huu akamtuma vilevile, maana goti lake lilikuwa limevimba, na theluji ya Morioka, kaskazini mwa Japani, haina huruma na goti bovu.

"Kuku kwanza, keki mwisho," alimwambia. "Na keki uibebe kama mtoto mchanga. Baiskeli iache hapa."

"Ndiyo, mama," Tokuji akajibu.

Mitsue akachungulia dirishani: mzee anaisukuma baiskeli! Akagonga kioo. Tokuji akampungia mkono, akaenda zake.

Kuku wa kukaanga, ambao huko kila nyumba huwala Krismasi pamoja na keki, waliagizwa tangu Novemba. Kazi ilikuwa kuwachukua tu. Giza likaingia. Supu ikapoa, akaipasha, ikapoa tena. Alipopiga simu ya mumewe, ikaita juu ya jokofu.

"Mtu huyu ataniua!"

Na leo ndiyo Shiori alikuwa anakuja. Binti yao huyo hakuwa amekanyaga nyumbani tangu alipoacha ualimu akawa fundi wa magari, baba yake akanuna, wasisemeshane tena. Sasa anarudi, na mezani hakuna hata paja la kuku!

Mlango ukafunguliwa. Tokuji akaingia na theluji mabegani, na nyuma yake Shiori, kashika sanduku la keki.

"Mmekutana wapi?"

"Stesheni," Tokuji akasema.

"Nani alikutuma stesheni?"

"Nimejituma."

Mitsue akafungua sanduku. Keki ilikuwa imelala ubavu, krimu yote kwenye kifuniko, stroberi zimejibanza pembeni.

"Baiskeli hiyo!"

"Niliteleza darajani. Nilikuwa naiwahi treni."

"Mama, nimemkuta anatetemeka," Shiori akasema. "Kuku kawaficha ndani ya koti wasipoe."

"Akakwambia nini?"

"Kaniuliza kama naweza kumkazia mnyororo wa baiskeli." Akaonyesha mikono yake, myeusi kwa grisi. "Nimemkazia palepale."

Mitsue akamtazama mumewe. Katika maneno yote ya dunia, mzee huyu kaona hayo ndiyo ya kumwambia mtoto! Akampa Shiori sabuni, akatoa vijiko vitatu. Tokuji akanyoosha mkono kwenye stroberi kubwa. Mitsue akampiga kofi vidoleni.

"Mgeni kwanza!"

"Mgeni gani? Huyu si mtoto wa nyumba hii?"

Mitsue akamsukumia Shiori ile stroberi, kisha akamgeukia mumewe.

"Na hilo koti," akasema, "limelowa mafuta mpaka ndani. Nani atalifua?"