Mama Kweli

Mama Adolphine wa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, alikuwa hana breki mdomoni. Padri akirefusha mahubiri, anaambiwa pale pale mlangoni mwa kanisa: "Baba, leo umetuchosha." Bwana harusi mlevi anaambiwa mbele ya wakwe zake. Watu walimcheka, wakamwogopa, wakampa jina la Mama Kweli. Naye kila alipoitwa hivyo, moyo ulimsuta, maana lilikuwapo neno moja ambalo hakuthubutu kulisema.

Neno lenyewe ni la wakati wa vita. Kindu ilikuwa imezingirwa, waasi mjini, wanamgambo wa Mai-Mai, adui zao, msituni, na raia katikati wanakufa njaa. Bulaimu, muuza mihogo, alikuwa akivuka mto Lualaba kwa siri kabla hakujapambazuka, Okito mwenye mtumbwi akimpigia kasia, na kurudi na vikapu vya kuuza sokoni. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya mji siku zile: nunua, funika kikapu, usiulize chakula kimetoka wapi.

Adolphine akauliza. Na kisa chenyewe, jamani, fungu dogo la mihogo!

"We Bulaimu, iko namna gani? Kule ng'ambo Mai-Mai wanakupa karibu bure, hapa unatukamua!"

Alipogeuka akamwona askari wa waasi aliyekuwa akinunua sigara. Alikuwa ameacha kuhesabu chenji, anamtazama Bulaimu. Alfajiri iliyofuata askari waliungoja mtumbwi ufuoni. Bulaimu alichukuliwa, hakuonekana tena. Okito wakamwachia, kwa sababu wao wenyewe walihitaji mtu wa kuwavusha.

Basi mji ukapata wa kulaumiwa. Amerudi mzima? Basi ni yeye, njo yeye alimuuza mwenzake! Vita vikaisha, lakini hakuna jirani aliyepanda tena mtumbwi wa Okito. Watoto wake, kwa kuchoka kutukanwa, wakahamia Kibombo kwa wajomba zao. Na Mama Kweli, huyo mwenye la kumwambia kila mtu, alikuwa akipita mbele ya nyumba ile macho chini, mwendo wa haraka. Nitasema kesho, alijiambia. Alijiambia hivyo mpaka nywele zikaota mvi.

Juzi Okito akafariki. Adolphine alikwenda matangani mchana. Kindu matanga hujaa hata yakiwa ya mgeni. Haya yalikuwa na mjane, Jacqueline, na dada yake mmoja, wamekaa chini ya turubai kubwa na mikeka mitupu. Hapo Adolphine akashindwa kuvumilia. Alipiga magoti.

"Mama Jacqueline, haikukuwa Okito. Njo mimi. Mimi njo nilimusema Bulaimu pale soko, askari akasikia. Nilinyamaza, bwana yako akabeba lawama."

Alingoja kofi. Alilitaka, tena kwa hamu, angalau limpunguzie mzigo.

"Najua," Jacqueline akasema.

"Unajua namna gani?"

"Okito alikuwa nyuma yako siku ile, anafunga vikapu. Alisikia yote."

"Na hakunitaja?"

"Nilimuomba akutaje. Nililia, nilimugombeza miaka na miaka. Akakataa. Alikuwa anasema: 'Acha. Adolphine haiko muntu wa kuficha neno. Atakuja kusema mwenyewe.'"

Adolphine akaanza kulia kwa sauti. Akasema atatoka sasa hivi, atamwambia kila jirani, nyumba kwa nyumba, hata kanisani, hata msikitini.

"Enda uwaambie," Jacqueline akajibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Lakini yeye hakukuwa anangoja majirani, mama. Alikuwa anakungoja wewe. Kila alipokuona unatokea kule barabarani, alikuwa anaingia ndani, anatoa kiti cha pili, anakiweka hapa mlangoni. Ukishapita, anakirudisha."