Kiganja Kimoja Juu ya Kifundo

Mtaa mzima wa Kuze hakuna mgonjwa aliyemtii daktari kama mimi, Akil. Muulizeni mtu yeyote.

Mwaka wa tisini na sita nilimea uvimbe kwenye taya la kushoto. Daktari Kenga akasema atautoa pamoja na mfupa wa taya wenyewe, kisha pengo aliunge kwa mfupa wa mguu wangu.

"Kwa hivyo, daktari, nikila mkate wa mofa nitakuwa nautafuna kwa mguu?"

Hakucheka. Mama naye hakuuliza habari za taya. Aliuliza, "Na kirumbizi ataweza kucheza?" Maana mimi na ngoma hiyo ya kupigana fimbo twajulikana; harusi isiyoniona uwanjani watu huulizana kama naumwa.

Daktari akanishika muundi. "Nitaukata huu mfupa mwembamba wa nje. Uzito wa mwili haubebwi na huu. Lakini hapa chini," akalaza kiganja chake juu ya kifundo, "upana wa kiganja changu sigusi. Kano zinazokishika kifundo zimejifunga hapa. Nikizidi kushuka, kifundo kitalegea, na kirumbizi utakitazama dirishani. Mimi nitazilinda kano kwa ndani, wewe utazilinda kwa nje. Usiukanyagie mguu mpaka nikuruhusu."

Nikaapa.

Kazi ilikwenda sawa. Nikarudi nyumbani na magongo, mguu umefungwa plasta ngumu, nanywa uji kwa mrija, siwezi kunena, na majirani wakapumzika kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Plasta ilipotolewa, nikabakia na bandeji na magongo yangu, ikaingia harusi ya binamu yangu Ziad. Nikakaa barazani kama mzee wa mtaa, mguu juu ya kigoda. Zumari ikaanza kulia. Thoya, rafiki yangu auzaye mboga Marikiti, akaja na fimbo mbili.

"Yakhe, hapo umekaa au umewekwa?"

Nikamwonyesha magongo.

"Mwacheni," akawaambia wenzake. "Walipomtoa mfupa walimtoa na roho."

Taya langu lingeweza kuvumilia neno hilo. Mguu haukuweza.

Nikayaacha magongo, nikatwaa fimbo moja, nikaingia uwanjani. Wanawake walikuwa wamesimama ukutani na mabuibui yao, nyuso wamezifunika, na mmoja wao akawa ananipungia mkono kwa nguvu, hachoki. Nikaona leo nimependeza, nikazidisha madoido. Thoya akaleta fimbo ya chini, nikairuka, nikatua kwa mguu ule ule.

Siku ya kliniki kifundo kilikuwa kimevimba kama andazi.

"Niliteleza ngazini kwetu, daktari. Ngazi za Kuze wazijua, zimesimama kama ukuta."

Akanibonyeza, akaupinda mguu polepole huku na huku. Nilikuwa nikimtazama usoni tu. Mzaha wote ulinikauka, maana ikiwa kano zimekatika, basi fimbo yangu ni ya kufukuzia paka.

"Kipande nilichokiacha kimeshika," akasema mwisho. "Na kano hazijakatika, zimevutika. Kama ni kuteleza kidogo, bandeji yatosha."

"Kidogo sana," nikasema. "Hata gongo sikuliachia."

Muuguzi wake, aitwaye Mwanarusi, alikuwa kando na nguo zake nyeupe, akikunjua bandeji. Akaacha. Akaanza kuikunja tena.

"Daktari, nilete plasta?"

"Ya nini?"

"Huyu hakuteleza. Aliruka juu, akaushukia mguu huo huo. Harusini kwa kina Ziad."

"Mimi sikukuona huko, dada," nikasema.

"Utanijuaje, nami nilikuwa na buibui? Ni mimi niliyekuwa nikikupungia mkono utoke. Nawe kila nikikupungia, waruka."