Mabakuli Yasiyotaka Maji

Mjukuu wangu, ambaye namwita mke mwenza kwa utani wa bibi na mjukuu, ni fundi bomba. Mwenyekiti wa soko alipochoshwa na vyoo vya wanaume kunuka kila maji yakikatika, mke mwenza alimshauri aweke mabakuli ya kukojolea yasiyotumia maji. Akamweleza kuwa yako ya namna mbili. Moja ina mpira chini, unafunguka mkojo ukipita kisha unajifunga. Nyingine ina kikombe chenye mafuta mepesi: mkojo unapenya kwenda chini, mafuta yanabaki juu na kuizuia harufu kama mfuniko wa sufuria. Walichagua ya mafuta, maana wanaume wa sokoni hutupa vijiti vya meno humo, na kijiti kikinasa kwenye mpira, haujifungi tena.

Yakafungwa manne ya majaribio. Yakifaa, mke mwenza angepewa kazi ya vyoo vyote vya soko. Yakishindwa, yangeng'olewa, naye angebaki kuziba mabomba ya majirani.

Mtunzaji wa vyoo ni mimi. Nilifundishwa kupuliza dawa kidogo, kufuta kwa kitambaa chenye unyevu kuanzia ukingoni hadi kwenye vitundu vya kikombe, na kuokota vijiti kwa koleo. Kumwaga maji, marufuku. Mwanzoni hapakuwa na harufu hata ya kusingizia. Kisha watu wakaanza kukunja pua.

"Mama, mabakuli yako yanatutoa machozi," akasema muuza vitunguu. Yeye wa kusema hivyo, na vitunguu vyake!

Mwenyekiti akaja na leso puani. "Mwambie mjukuu wako, Jumamosi nang'oa."

Mke mwenza akafungua kikombe, akakuta mafuta hayamo. Akatia mengine. Kesho yake hayamo tena. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kashika tama.

"Bibi, unayamwagia maji?"

"Mkono huu unaweza kukosea chumvi, mke mwenza, lakini agizo lako haujalikosea."

"Basi nani anakunywa mafuta yangu?"

Asubuhi iliyofuata niliinama mpaka miwani ikataka kuangukia bakulini. Ukingoni palikuwa na povu, linanukia limau. Dawa yangu haina povu wala limau. Siku ya pili yake nikawahi, nikakaa kwenye kibenchi changu nyuma ya mlango na glasi yangu ya maji ya kumezea vidonge.

Akaingia mwenyekiti mwenyewe, suruali kaikunja hadi magotini, ndoo ya povu mkononi, anapiga mluzi. Akalimwagia bakuli la kwanza, chwaa.

"Baba, mbona umejitwika kazi yangu?"

Nusura ndoo imponyoke. "Shikamoo, mama. Nisikufiche, nilianza kuyaosha yasije yakanuka, na sasa harufu hii inanitia aibu. Ikizidi, naongeza sabuni. Jana nilimwaga ndoo mbili."

Sikucheka, ingawa tumbo lilitaka. Nilichukua chupa ya mafuta ya mke mwenza, nikatia kidogo kwenye glasi yangu. Yakaelea juu ya maji, yametulia.

"Haya ndiyo yanayoizuia harufu. Sasa shika glasi, umimine sabuni yako."

Akamimina kama alivyozoea, kwa moyo wote. Glasi ikafurika, na mafuta yakawa ya kwanza kutoka, yakamtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko. Akakitazama kiwiko kile.

"Kumbe anayenusisha soko zima ni mimi."

"Wewe na limau lako, baba."

Mke mwenza alipofika alimkuta mwenyekiti anafuta bakuli kwa kitambaa, kauma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Akatia mafuta mapya. Jumamosi mwenyekiti alikuja bila leso. Akavuta pumzi ndefu kwenye kila bakuli, hata watu waliokuwa na haja zao wakabaki kumtazama.

"Fundi," akamwambia mke mwenza, "leta futi yako. Tunaanza na vyoo vya upande wa samaki."

Mke mwenza akanikonyeza. Mwenyekiti akasogea kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, na sakafu je? Naruhusiwa?"

"Sakafu yote yako, baba. Mwaga utakavyo."

Tangu siku hiyo nikifika asubuhi naukuta mluzi umenitangulia, na inabidi nivue viatu.