Nani Atambeba Mama

Baba yangu alikuwa fundi wa dari, na wenzake kazini walimwita Juujuu, kwa sababu ukimtafuta chini humpati. Miaka thelathini alisimama kwenye jukwaa, shingo nyuma, mikono juu, akiikandamiza bodi ya jipsamu kwa kiganja kimoja na kufunga skrubu kwa mkono wa pili. Alikuwa mfupi na mwembamba, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi hata siku za mapumziko. Mama alipenda kusema kwamba yeye aliolewa na mzee tangu ujanani.

Mama ndiye aliyekuwa na mwili. Mrefu, mnene, mwenye sauti ya kuwafikia watu wa mtaa wa pili. Kiharusi kilimkuta akianua nguo, kikamchukua upande wote wa kulia na nusu ya maneno yake. Tangu siku hiyo, kwa miaka minne, Baba alimbeba. Asubuhi kitandani mpaka kwenye kiti cha magurudumu, kwenye kiti mpaka bafuni, bafuni mpaka kwenye kiti tena. Mchana alitoka kazini mbio kuja kumgeuza. Jioni akamrudisha kitandani.

Alikuwa na namna yake: goti katikati ya magoti ya Mama, mkono wa kulia chini ya kwapa, kidevu kwenye bega lake.

"Bosi, tayari?"

"Ta... yari, Fundi."

Kisha alihesabu mpaka tatu, na kila siku aliiruka mbili makusudi. "Moja, tatu!" Na kila siku Mama alicheka kama hajawahi kuisikia.

Mimi ndiye mtoto wao wa pekee. Nimeolewa mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi. Nilikuwa nakuja kila mwisho wa mwezi, nafua mapazia, nasugua masufuria, kisha naondoka nikijiambia kwamba mambo yanakwenda.

Siku bega lilipochanika sikuwapo. Wamenisimulia wote wawili, kila mmoja kivyake, na wanatofautiana mahali pamoja tu. Sakafu ya bafuni ilikuwa na sabuni. Mama akateleza mikononi mwa Baba, na Baba, badala ya kumshusha polepole mpaka chini kama alivyofundishwa hospitali, akamdaka kwa mkono wa kulia peke yake. Baba anasema hakusikia kitu. Mama anasema alisikia, karibu kabisa na sikio lake, sauti kama ya shuka linalopasuliwa.

Hakumwangusha.

Alijikaza kisabuni wiki tatu. Nilipokuja nikamwona akichana nywele kwa mkono wa kushoto, na shati amelivaa kwa kuinama na kujipenyeza kama mtoto. Nikampeleka hospitali kwa nguvu.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimwambia Baba ainue mkono pembeni. Mkono ukafika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukarudi. Vipimo vilipotoka alituonyesha kwenye picha.

"Mzee, hapa juu ya bega kuna kano, kama kamba pana inayoshika msuli kwenye mfupa. Lako limechanika, lakini si lote. Sehemu bado imeshika. Kwa hiyo tusianze na kisu. Nitakuchoma sindano ya kutuliza uvimbe, utafanya mazoezi ya viungo miezi mitatu, na wengi hupona hivyo hivyo. Ila sharti moja: hakuna kunyanyua kitu kizito, hakuna kazi ya mikono juu."

"Sawa, daktari."

"Nimesoma hapa kwamba una mgonjwa nyumbani. Nani anamnyanyua?"

"Yuko mtu," Baba akasema.

Kwenye korido nikamshika kiwiko kizima. "Baba, mtu gani?"

"Kwani mimi ni mbuzi?"

Nilicheka. Mpaka leo sijisamehe kwa kile kicheko.

Nilimtafutia jirani, mama mmoja mwenye moyo mwema, akawa anapita asubuhi kusaidia. Lakini jirani ana watoto wake na kibanda chake cha mboga. Akichelewa, Mama hakuweza kungoja. Dari Baba aliziacha kweli. Akawa anakaa nyumbani, na mpira wa mazoezi ameufunga kwenye kitasa cha mlango, anavuta mara kumi na tano, anapumzika, anavuta tena. Mama ndiye aliyemhesabia kutoka kwenye kiti chake. Maneno mengi yalikuwa yamempotea, lakini tarakimu zilimrudia vizuri, na alikuwa mkali. Baba akiiba moja, anamrudisha mwanzo.

Halafu mlango ukifungwa, anambeba. Kwa mkono wa kushoto na goti, alisema baadaye. Na wa kulia "kidogo tu, wa kusindikiza."

Baada ya miezi mitatu tulirudi. Daktari aliitazama picha mpya muda mrefu, akavua miwani.

"Limekatika lote," akasema. "Na limeanza kurudi nyuma. Mzee, ulinidanganya."

Baba alitazama viatu vyake.

"Sasa nisikilizeni. Tunaweza kuliacha. Utaendelea na mazoezi, maumivu yatapungua, utakula, utaoga, utavaa. Lakini huo msuli utasinyaa na kugeuka mafuta, na ukishafika huko hata nikitaka kuushona haushoneki. Dari usahau. Au tupasue sasa hivi. Naingia kwa matundu madogo, nalivuta kano, nalishona kwenye mfupa. Mkono utafungwa kifuani wiki sita. Kazi yako, tukienda vizuri, baada ya miezi sita au zaidi."

"Na mke wangu?" Baba akauliza. "Nikipasuliwa, nikapona, nitambeba?"

Daktari alivuta kiti, akaja upande wetu wa meza.

"Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mzee wangu. Bodi ya dari inatulia, na una wenzako wa kuishika. Mtu mzima hatulii. Akiteleza utamdaka, maana wewe ni wa kudaka. Ule mshono utaachia, na mara ya pili sina cha kushona. Upasuliwe, usipasuliwe, kumbeba basi."

Tulirudi nyumbani. Mlangoni Baba aliniambia, "Mama yako asijue haya ya mwisho. Mwambie ni upasuaji mdogo tu." Nikaitikia. Lakini nilipokuwa namkausha Mama miguu, akanishika mkono kwa ule wake mzima, akanitazama, na mimi nikasema kila kitu. Nikamwambia hata lile la kudanganya. Alisikiliza bila kupepesa. Kisha akasema, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe:

"Ni... chukue. Kwako."

Baba alipoambiwa alikasirika. "Hapana! Nitatafuta mtu wa kumnyanyua. Nitaliacha bega hivi hivi, linamhusu nani? Dari zenyewe nimezichoka."

"Mwongo," Mama akasema, wazi kabisa. Hakuna neno lililomtoka vizuri hivyo siku hiyo.

"Bosi, ni wiki sita tu, nitajua la kufanya..."

"Unalia. Ukini... beba. Unadhani... sisikii?"

Baba alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kesho yake alimkunjia nguo mwenyewe, kwa mkono mmoja, kila gauni likitoka limepinda, na Mama hakumkosoa hata moja. Aliyempandisha kwenye gari alikuwa mume wangu. Baba alisimama pembeni akisema, "Shika chini ya kwapa, siyo hapo, chini zaidi, goti, weka goti," mpaka mlango ulipofungwa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki sita alilala kwa kukaa, mito mitatu mgongoni, akila mkate na chai kwa sababu kupika kwa mkono mmoja kulimshinda. Kila siku alipiga simu saa nne asubuhi. Mama haongei vizuri kwenye simu, kwa hiyo Baba alikuwa anaongea peke yake, na Mama anapumua. Siku nyingine alikuwa anamwambia tu ni mazoezi gani anafanya, kisha anahesabu, na Mama husema "bado" akisikia ameiba.

Kwangu Mama alinawiri, na nalisema hili kwa aibu. Nyumba ni ya chini, milango ni mipana, na kuna dada mhudumu, mwenye mabega ya mbeba magunia, anayekuja kutwa mara tatu na kumnyanyua Mama kana kwamba ni mto. Vidonda vya mgongoni, vya kulala sana, alivyokuja navyo vilifunga. Akaanza kukaa bila kuegemea. Usoni akapata nuru.

Mwezi wa saba baada ya upasuaji Baba alikuja. Alivaa shati la mikono mifupi, akasimama mbele ya Mama, akainua mkono wa kulia taratibu, juu, juu, mpaka sikioni. Mama akapiga makofi kwa kujipiga pajani.

"Nimekuja kukuchukua," Baba akasema. "Na kama hutaki kule, nitahamia huku. Dari ziko kila mahali."

Mama alikuwa amekunja uso, na mimi nikaujua ule uso: haja ilikuwa imembana. Mhudumu alikuwa amechelewa. Nikakimbia nje kumwita mume wangu, naye hakuwa karibu. Niliporudi mlangoni, Baba alikuwa ameshapiga goti, mkono wa kulia chini ya kwapa la Mama.

"Bosi, tayari?"

"Ha... pana."

"Mara moja tu. Limepona, umeona mwenyewe."

"Hapana! Toa!" Mama alimsukuma kifuani kwa mkono wake mzima, kisha akashika kiti kwa nguvu asiinuliwe. Walivutana, watu wawili wa zaidi ya miaka sitini. Kisha Mama akaacha kuvutana, akamtazama Baba machoni, na nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye kiti hadi sakafuni.

Mama yangu, ambaye siku za mwanzo za kiharusi alimwomba muuguzi atoe wageni wote kabla ya kuletewa chombo cha haja. Alijikojolea mbele ya mumewe kuliko kumwacha ambebe.

Baba akaondoa mikono. Alibaki amepiga goti kwenye yale maji, suruali yake nzuri ikiloa, asiinuke.

"Ukiwa karibu... utanibeba," Mama akamwambia. Sasa machozi yalikuwa yanamtoka, ila sauti haikutetereka. "Siku moja. Nitaanguka. Utadaka. Nenda... nyumbani, Fundi."

"Nyumbani kuna nini?"

Nilikwenda kuchukua kitambaa cha kupangusia sakafu.

Aliondoka na basi la mchana. Amerudi kazini, na wenzake wananiambia hakuna anayenyoosha dari kama yeye, mkono unafika kila kona. Anakuja kila Jumapili na kuondoka siku hiyo hiyo. Huketi upande wa kushoto wa Mama, anamshika mkono unaohisi, anampa habari za majirani. Mhudumu akiingia, Baba husimama kabla hajaambiwa, hutoka uani, na kukaa huko amegeukia ukuta, mikono ameifumbata kwapani, mpaka nimwite.